Jumba Lililokosa Mfiwa

Mimi, mwanangu, si mtu wa kushangazwa. Nilianza maisha na koleo la kuazima na suruali moja. Leo ukisimama kando ya barabara ya Chamwino wakati wa mavuno, hutamaliza chupa ya soda kabla lori langu halijapita. Nimewahi kuuziwa ng'ombe akafa njiani, nikapata faida kwenye ngozi na pembe. Nimeona mvua ya mawe ikifagia shamba langu lote la zabibu kule Makutupora asubuhi, na jioni nilikuwa nimeshapata miche ya kupanda upya. Nimekaa meza moja na watu wenye digrii, wakafungua madaftari kuandika ninachosema, mimi niliyeacha shule darasa la nne. Kwa hiyo nikikuambia kwamba iko siku nilishangaa mpaka nikasahau kufunga mdomo, usidhani lilikuwa jambo dogo. Naikumbuka siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu. Mama yako anajua, na alishanisamehe.

Unalijua Jumba la Yakuti. Ni lile la mawe karibu na stesheni ya reli, lenye ngazi pana na herufi kubwa juu ya mlango. Ninyi mmelikuta limepakwa rangi, mnafanyia mahafali na mashindano ya kwaya, basi mnadhani limekuwa hivyo siku zote. Mimi nililinunua likiwa ghala la mtama.

Wazee wa mjini wanasema lilijengwa na Mzee Jivan, Mhindi mmoja aliyeshuka kwenye treni akiwa na cherehani na hamu ya mambo makubwa. Mji ulikuwa vumbi na mbuzi. Watu walimcheka, wakamuuliza nani atakuja kukaa kwenye viti vya kitambaa chekundu katika nchi ya njaa na upepo. Yeye akaendelea kupandisha mawe. Akaweka jukwaa la mbao, pazia zito, roshani ya juu kwa wenye nafasi na mabenchi ya mbele kwa wenzangu na mimi. Zikaja picha za Kihindi zenye nyimbo ndefu, zikaja ngoma, michezo ya kuigiza, mikutano ya siasa, mahubiri. Kisha video zikaingia mitaani, kila kibanda kikawa na televisheni na benchi. Watu wakaacha kupanda zile ngazi. Mzee Jivan akafariki, watoto wake wakahamia ng'ambo, jumba likapangishwa kwa wafanyabiashara wa nafaka. Walioingia bure wakabaki popo.

Nilikuwa bado sijafika miaka thelathini. Hela ilikuwa imenijia ghafla, nayo ikija ghafla huwa inawasha mfukoni. Nikalinunua kutoka kwa wale watoto, jumba na kiwanja chake. Mpango wangu ulikuwa wazi: mawe yale niyauze, kiwanja nijenge ghorofa la maduka, jina langu likae juu kwa taa. Nilishachorewa ramani, nikaitundika sebuleni mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Siku ya kubomoa nilitaka ionekane. Nilimtoa mama yangu Hombolo, nikamnunulia kitenge kipya, nikamweka kwenye kiti chini ya turubai upande wa pili wa barabara, ili aone mwanawe anavyoubadilisha mji. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliliangalia lile jumba kwa muda, akarekebisha kitenge magotini, akasema, "Kumbe ndilo hili." Nikadhani anastaajabu ukubwa wake. Nikamjibu, "Ndilo hili, mama, na kabla hujarudi nyumbani litakuwa kifusi."

Fundi wangu mkuu aliitwa Hamisi, Mrangi wa Kondoa, mtu mtulivu anayepima mara mbili hata kitu asichokikata. Aliingia ndani na vijana wake wenye nyundo na mitaimbo. Nikasubiri nisikie mlio wa kwanza. Kimya. Baada ya muda akatoka peke yake, anajifuta mikono kwenye kaptula.

"Bosi, kuna mtu mle ndani."

"Mtoe."

"Hatoki. Amelala jukwaani, ametandika na mkeka."

"Mlevi?"

"Afadhali angekuwa mlevi. Ni bibi. Anasema yeye ni mtani, na amekuja msibani."

Hapo itabidi nikueleze, maana ninyi wa siku hizi utani mnaujua wa kwenye simu tu. Sisi Wagogo na Wahehe wa Iringa tulipigana sana zamani, tukanyang'anyana ng'ombe mpaka tukachoka, na katika kuchoka huko tukawa watani. Mtani akija kwenye msiba wako ana haki ambazo ndugu wa damu hana. Anakutania wakati unalia. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokohoa, alivyokataa kulipa madeni. Anaweza kuingia kaburini akalala chali kabla mwili haujashushwa, na hatoki mpaka mfiwa ampe chochote. Na wewe humkasirikii. Ukimkasirikia mtani msibani, umeuaibisha ukoo wako mzima.

Nikaingia. Mwanga ulikuwa unapenya kwenye matundu ya paa, na vumbi la mtama lilikuwa bado linaelea. Katikati ya jukwaa alikuwa amelala mwanamke mzee, mwembamba, kichwa amekiegemeza kwenye mkono kama yuko kwake anasubiri chai. Nilimfahamu kwa kumwona. Alikuwa Bi Vumilia, Mhehe wa Kalenga, aliyekata tiketi kwenye kile kidirisha cha mbele tangu ujana wake mpaka kidirisha kilipofungwa. Baada ya hapo aliuza karanga nje ya mlango uleule.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mgogo. Umekuja na mboga yenu ya mlenda, au mikono mitupu kama kawaida yenu?"

"Bibi, mlenda upo nyumbani. Wewe je, mbwa wetu mtaani umewaacha salama, au ninyi Wahehe mmeshawatia chunguni?"

"Wamekonda. Hamuwalishi." Vijana wa Hamisi wakacheka. Hakubadilisha hata mkao. "Nimesikia mna msiba. Nimefika sioni moto, sioni uji, sioni hata mtu mmoja aliyejifunga kanga kichwani. Watani zangu, mnazika kama mnatupa takataka?"

"Msiba gani, Bibi? Hili ni jengo langu, nina karatasi."

"Hata maiti ina karatasi siku hizi," akasema. "Mimi nimeshalala kaburini. Mnajua kinachofuata."

Nikamgeukia Hamisi nimwambie aanze na ukuta wa nyuma, mbali na bibi. Hamisi alikuwa ameshaweka nyundo chini.

"Bosi, utanisamehe. Na kwetu Kondoa, mtani akilala kaburini hakuna anayeshika jembe. Mlipe atoke, kazi iendelee."

Kulipa kwangu halikuwa tatizo, mwanangu. Nilikuwa natembea na noti mfuko wa shati ili zionekane. Nikachomoa moja, nikapanda jukwaani, nikampa kwa mikono miwili. Akaipokea, akaifunga pembeni ya kanga.

"Asante. Hii ni ya salamu."

Nikatoa nyingine.

"Hii ni ya mkeka."

Nikatoa kitita. Nilitaka waliokuwa mlangoni waone. Maana habari ilishafika stesheni, na watu walikuwa wanaanza kuingia: wabeba mizigo, mama lishe na upawa mkononi, wauza zabibu na mabeseni yao. Bi Vumilia aliangalia kile kitita, kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza akainuka, akakaa.

"Wewe ni nani hapa?"

"Ndimi mwenye jumba."

"Sijauliza hilo. Nauliza kwenye msiba huu wewe ni nani. Mtani halipwi na mchimba kaburi, Mgogo. Analipwa na mfiwa. Wewe umekuja na nyundo, kwa hiyo wewe ni mchimba kaburi. Rudisha hela zako. Niitie mfiwa anilipe, nitatoka sasa hivi, na mkeka nitakuachia."

Nikatazama huku na huku. Hamisi alikuwa anachunguza kucha zake.

"Hakuna mfiwa?" akauliza, sasa akiwaambia watu wote. "Haya. Labda mmemsahau marehemu. Ngoja niwakumbushe."

Akasimama. Na hapo, mwanangu, nikaona kitu ambacho pesa haikodi. Akakunja mgongo, akaweka mikono nyuma, akawa Mzee Jivan. Alitembea ukingoni mwa jukwaa akihesabu vichwa kwa midomo, na kila alipofika mwisho alijisahaulisha akaanza upya, kwa sababu, kama alivyotuambia, yule mzee alikuwa anapenda kuhesabu kuliko anavyopenda jibu. Wazee waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, wakasogea karibu. Akawa mtambo wa picha unaokwama katikati ya wimbo. Akafanya ule mlio, *krrr*, na mbeba mizigo mmoja mwenye mvi akapiga mluzi na kupiga kelele, "Rudisha hela zetu," bila kujijua, kama alivyokuwa akifanya akiwa kijana. Akawa bwana mmoja wa Bahi aliyekuja na mbuzi na kutaka mbuzi naye akatiwe tiketi, kwa kuwa hakuna wa kumwamini nje. Akawa mheshimiwa aliyekuja kuhutubia, kipaza sauti kikamgomea, akaendelea kuhutubia kwa mikono mpaka mwisho. Akawa msichana wa roshani anayejifanya anaangalia picha, kumbe anaangalia shingo ya mvulana wa benchi la mbele.

"Mlioposana humu ndani, nyoosheni mikono."

Mikono ikanyooka. Mama lishe mmoja akanyoosha upawa. "Mume mwenyewe ameshanikimbia," akasema, "lakini tiketi alilipa yeye." Watu wakacheka tena. Nikatazama nyuma na kuona viti vyote ambavyo bado vilikuwa na miguu vimekaliwa. Wengine walikuwa wameketi kwenye magunia. Jumba lilikuwa limejaa, na mimi sikuwa nimeuza hata tiketi moja.

"Haya," akasema Bi Vumilia, akihema, "na wale wanawake wa muheme? Nani anawakumbuka?"

Muheme, kwa kuwa ninyi hamkulelewa kijijini, ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mwanamke anaibana ngoma katikati ya mapaja akiwa amesimama, anapiga, anaimba, anaruka, ngoma haidondoki. Bi Vumilia alijaribu kuigiza. Akabana hewa kwa mapaja yake membamba, akapiga, akakosea, akajikwaa. Alikuwa Mhehe jamani, angeweza wapi.

"Sivyo," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Nikageuka. Ni mama yangu.

Alikuwa ameacha kiti chake chini ya turubai, akavuka barabara peke yake. Akapita katikati ya watu taratibu, wakampisha. Akapanda ngazi za pembeni za jukwaa bila kuuliza ziko wapi. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, mwanangu: zile ngazi zilikuwa nyuma ya rundo la magunia, hazionekani, na mama yangu alizijua. Akachukua ndoo ya chuma ya mafundi, akamwaga maji, akaigeuza, akaibana kwenye kile kitenge nilichomnunulia. Akapiga.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa namjua mama anayechota maji, anayepalilia, anayekaa kimya kanisani benchi la nyuma. Yule aliyesimama pale simjui. Mabega yalikuwa yake lakini hayakuwa yamechoka. Akaanzisha wimbo kwa Kigogo, na kutoka kwenye magunia wakaitika wanawake watatu wazee ambao nilidhani ni wauza mboga tu. Ukuta ule wa mawe uliichukua sauti yao, ukaizungusha juu kwenye roshani, ukaturudishia ikiwa imeongezeka. Nimelipa mafundi wa spika miaka yote hii, hakuna aliyeweza kunipa sauti ile.

Alipomaliza, akaweka ndoo chini. Bi Vumilia alikuwa anamkazia macho.

"Wewe ni wale wa Hombolo," akasema. "Mlikuja na lori la pamba, mkaja na ngoma zenu na viatu mmevishika mkononi. Niliwafungulia mlango wa nyuma."

"Ndiyo sisi," akasema mama. "Ukatupa karanga."

"Watu walisimama."

"Walisimama," akasema mama. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ananiambia chumvi imekwisha. "Watu wenye tai walisimama, wakatupigia makofi. Sijawahi kusimamiwa na watu tena maishani mwangu. Baba yako hakupenda nirudi, nikaolewa, nikawapata ninyi. Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza. Mfiwa ni mimi."

Mama lishe akashusha upawa wake.

"Basi msiba umekamilika," akasema Bi Vumilia, akarudi kulala kwenye mkeka wake. Alisema kwa upole, lakini hakupunguza sheria. "Pole, mama. Nilipe, nitoke kaburini, vijana wamzike marehemu."

"Mimi sina hela," mama akasema. "Mwenye hela ni huyu mwanangu."

Watu wote wakaniangalia. Kitita kilikuwa mkononi mwangu bado. Mambo yalikuwa mepesi kama kumenya ndizi: nimpe mama, mama ampe mtani, mtani atoke, Hamisi aokote nyundo. Ghorofa langu lilikuwa hapo, ramani iko sebuleni, jina langu juu kwa taa. Na sasa lilikuwa limebaki neno langu tu. Nilimwangalia mama. Hakuwa ananiomba. Angekuwa ananiomba ingekuwa rahisi, kwa sababu nilishazoea kuombwa, na kukataa nilishazoea. Yeye alikuwa ameshika ukingo wa pazia, lile lililooza, anaukunja na kuukunjua kwa vidole, kama mtu anayeaga.

Nikarudisha hela mfukoni. Nikafunga na kifungo.

"Sina," nikasema.

"Husikiki," akasema Bi Vumilia.

"Nimesema sina hela. Nimeishiwa. Mlipaji hakuna."

Mwanangu, mtu kama mimi kusimama mbele ya mji wote na kusema ameishiwa, huku mfuko umevimba kama shavu lenye jino bovu, unaweza kufikiri ilivyokuwa. Kilizuka kicheko ambacho naamini kilisikika stesheni. "Mgogo kafilisika," wakapiga kelele wale wabeba mizigo. Mama lishe akasema atanikopesha wali. Hamisi ndiye hakucheka. Aliinama akaanza kukusanya mitaimbo, mmoja mmoja, akiipeleka nje kwenye lori.

Bi Vumilia akakunja mkeka wake. "Kama hakuna wa kulipa, hakuna kuzika," akatangaza. "Na asiyezikwa ni mzima. Mzima huyu anavujiwa, mtengenezeeni paa." Akashuka jukwaani akinishika bega, na akaniambia kwa sauti ya chini, sisi wawili tu, "Umefanya vizuri, mjukuu wangu. Ila zile noti mbili sirudishi."

Hivyo ndivyo Yakuti lilivyobaki. Bi Vumilia alirudi kwenye kidirisha chake na kukata tiketi mpaka macho yalipokataa. Alipofariki nilikwenda Kalenga na vijana wawili, nikafanya linalompasa mtani. Nililala pale pale walipochimba, na suti yangu, mpaka wanawe wakanipa jogoo. Mama yangu bado yupo. Kikundi cha muheme kikija kutoka Hombolo anakaa kiti cha mbele kabisa, na wakikosea anasema "Sivyo" kwa sauti, na mimi simzuii. Siku hizi, tangu serikali ihamie kwetu, wananijia watu na magari meusi wanataka kile kiwanja. Wanataja bei ambazo wewe ukizisikia utazirai. Nawapa chai.

Sasa shika hili, nalo ndilo lililonifanya nikukalishe chini. Utapata hela, mwanangu, najua utapata, una kichwa kama changu. Siku utakapotaka kuondoa kitu cha zamani uweke kipya, ondoa, sikukatazi. Mimi mwenyewe nimebomoa vingi na sijuti. Lakini kabla ya kupiga nyundo, kaa ndani yake na mama yako, au baba yako, au mzee yeyote aliyekulea, umuulize: ulishawahi kufika hapa? Kisha unyamaze, umwachie muda. Wazee wetu hawajisemi. Walikuwa watu kabla hatujawafanya wazazi, na mahali walipokuwa watu bado pamesimama, na huenda karatasi yake iko mfukoni mwako. Ukikuta hakuna anayelia, bomoa kwa amani. Ukikuta mfiwa, na mfiwa huyo ndiye aliyekubeba mgongoni, basi siku hiyo uwe maskini mbele za watu. Hutakufa. Mimi niliishiwa mchana kweupe na bado nimepanda magari ambayo walionicheka hawajayapanda.

Mungu akupe riziki inayotosha na kubaki. Ampe mama yako maisha marefu na wewe akili ya kumsikiliza, akupe na mtani wa kukulalia kaburini siku utakapokaribia kuzika kitu kilicho hai.

Na kwa kuwa najua utaniuliza, maana wewe ni mwanangu: paa jipya, viti, umeme, vyoo, pazia jekundu, na zile noti mbili za Bi Vumilia, lile neno "sina" lilinigharimu shilingi milioni sitini na tatu, laki nne, elfu sabini na mbili na mia tano.